Machungwa ya Mombasa na binamu zetu wasio na mkia

Leipzig, Ujerumani
Jumapili usiku

Kwa Ami yangu mpenzi, na Mama, na Nyanya, na nyote mlioko Kibokoni,

Assalamu alaykum. Ama baada ya salamu, mimi ni mzima, hofu ni kwenu tu. Baridi ya huku imeanza kuuma masikio, lakini koti mliloniagiza ninunue nimelinunua, Mama asiwe na wasiwasi.

Ami, barua hii nimeiandika kwa mkono kwa sababu ya simu zetu. Kila nikifungua mdomo unasema "Ngoja nikwambie," na ukishasema hivyo najua chai yangu itapoa. Karatasi haikatizwi. Khamis akusomee barazani baada ya alasiri, kahawa ikishamiminwa, na asiruke hata mstari mmoja.

Kwanza ile video ya nyani anayeendesha tuktuk pale Mwembe Tayari, uliyonitumia na maneno "mwisho wa dunia umekaribia". Nimeitazama mara tatu. Ami, hesabu vidole: mkono wa kulia una sita. Halafu soma kibao cha duka lililo nyuma yake. Zile ni kama herufi, lakini si Kiswahili, si Kiingereza, wala si Kiarabu. Siku hizi mtu huiandikia programu ya akili bandia sentensi moja tu, na video anaipata kabla maji ya chai hayajachemka. Wewe ambaye mwezi wa Idi huukubali mpaka mvuvi unayemjua kwa jina aape kwamba ameuona kwa macho yake, leo umemwamini dereva nyani uliyeletewa na mtu usiyemjua! Khamis ananiambia uliuliza hata nauli alikuwa akitoza ngapi.

Lakini hilo dogo. Lililonichoma ni la Ijumaa, simu ikiwa kwenye spika na baraza zima likisikiliza: "Mtoto tumempeleka Ulaya asomee uuguzi, sasa anatwambia babu yetu ni nyani." Nikamsikia mwuza kahawa akicheka mpaka vikombe vikagongana mkononi.

Ami, nani kasema babu? Mimi nilisema binamu, na binamu si babu, hilo hakuna Mswahili wa kufundishwa. Wewe ndiye uliyetufunza nasaba. Ukianza kuwataja wazee wetu wa Kilindini unafika hadi wa saba bila kuvuta pumzi. Na kila penye arusi unanishika mkono: "Nenda kamwamkie yule, babu ya babu yake na babu ya babu yetu walikuwa ndugu." Mtu mwenyewe hafanani nasi hata ukucha, na wala hujawahi kusema sisi tumezaliwa naye, lakini ni wetu, na sahani yake ya pilau lazima ijae. Wanasayansi hawana zaidi ya hilo, wameirefusha hesabu tu. Wanasema kiasi cha miaka milioni 6 au 7 nyuma palikuwa na babu mmoja ambaye hakuwa mtu na wala hakuwa sokwe wa leo, na wajukuu zake wakagawanyika. Habari za Nabii Adam siziingilii. Hizo nawaachia wenye elimu yake, na sala zangu nasali kama ulivyonifundisha.

Tena usimwite kila mwenye manyoya nyani. Wale wanaoiba embe za Khalati kule Nyali ni tumbili na kima, na nyani ni yule mwenye pua ndefu kama ya mbwa. Wote hao wana mikia, na ujamaa wetu nao ni wa mbali zaidi. Ninaowasema mimi ni sokwe, ambao hawana mkia kama wewe usivyo nao. Wajerumani huwaita jina ambalo ukilifasiri moja kwa moja linakuwa "nyani-mtu". Wamalay nao yule mwekundu wa kwao walimwita orangutan, yaani mtu wa msituni. Na sisi tuna sokwemtu. Kila mmoja kwa lugha yake amelitia neno "mtu" mle ndani, halafu barazani tunajifanya tumeshtuka.

Hapa mjini kuna bustani kubwa ya wanyama, na ndani yake sehemu ya sokwe watupu, iitwayo Pongoland, iliyofunguliwa mwaka 2001. Jumapili iliyopita sikuwa na zamu, nikaenda na mwenzangu wa wodini. Watafiti huwapima humo kwa mafumbo, kama vile zabibu imefichwa kwenye mrija, ataitoaje? Kituo chenyewe kimepewa jina la Wolfgang Köhler, Mjerumani aliyekwenda kukaa na sokwe katika kisiwa cha Tenerife kuanzia mwaka 1913. Mwanafunzi wake hodari alikuwa sokwe aliyewekewa ndizi nje ya kizimba akapewa fito mbili, kila moja fupi mno. Akajaribu, akakasirika, akakaa akizichezea, mwisho akachomeka moja ndani ya nyingine zikawa fimbo moja ndefu, akavuta ndizi yake. Jina lake, Ami, kaa kitako kwanza, jina lake lilikuwa Sultan.

Naisikia sauti yako kutoka hapa. Najua, bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja ilipepea juu ya Ngome yetu, Fort Jesus, mpaka Disemba 1963, na wewe uliiona ukiwa mtoto. Malalamiko yapelekwe Tenerife.

Nimesoma pia habari zilizo karibu nasi zaidi. Mwaka 1960 Jane Goodall, yule Mwingereza mtafiti wa sokwe, alikuwa Gombe, hapo Kigoma, akamwona sokwe akikwanyua majani ya kijiti, akakitia kwenye kichuguu na kukitoa kimejaa mchwa, akala. Mpaka siku hiyo mabingwa walikuwa wakisema kutengeneza chombo ni kazi ya binadamu peke yake. Habari zilipomfikia Louis Leakey, yule mzaliwa wa Kabete, mchimbuzi wa mifupa ya kale, akasema sasa itabidi tubadilishe maana ya chombo, au maana ya mtu, ama tukubali kwamba sokwe ni watu. Wewe ungechagua ipi? Usijibu haraka.

Sasa hesabu ya asilimia, maana najua Mwalimu wa mtaa wa pili ataidaka. Mwaka 2005 walipousoma urithi wa sokwemtu, ule wa DNA, yaani maagizo ya mwili yaliyoandikwa kama kwa herufi, na kuuweka kando ya wa kwetu, penye kulingana palitofautiana herufi kama 1.2 katika kila 100. Ukiongeza vipande vilivyodondoka huku na kuzidi kule, tofauti inafika kama asilimia 4. Kwa hiyo inategemea unahesabu vipi, na atakayekuambia namba moja tu kwa kiburi mtilie shaka. Ulipojibu kwamba "hiyo moja na kitu ndiyo iliyojenga Ngome na bandari", nilicheka, na jawabu lako nimewapelekea wenzangu kazini. Limewapendeza.

Mimi sikushikwa na asilimia. Kilichonikamata mimi ni machungwa.

Unakumbuka mimi na Khamis tulipokuletea insha zetu, wote wawili tumeandika "Semtemba"? Hukuuliza kama tumenakiliana, uliuliza nani kamnakili nani. Makosa mawili tofauti yangekuwa bahati mbaya tu, lakini kosa moja kwenye neno lilelile lina asili moja. Basi liweke hilo akilini.

Mwaka 1498, mwezi wa Aprili, Vasco da Gama, yule Mreno, alitia nanga nje ya Mombasa. Mabaharia wake walikuwa taabani kwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, ambapo fizi huvimba mpaka zikafunika meno. Katika kumbukumbu za safari ile imeandikwa kwamba mfalme wetu aliwapelekea kondoo, na machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Imeandikwa pia kwamba walipofika mji huu wagonjwa wote walipona, kwa rehema za Mungu, kwa kuwa hewa yake ni nzuri. Hewa, Ami! Wamekula machungwa yetu, shukrani wakaipa hewa. Waliporudi kutoka Uhindi bahari iliwachukua kama miezi mitatu, wakafa watu 30, na walipofika Malindi Januari 1499 cha kwanza kutafutwa kilikuwa machungwa. Hewa walikuwa wameisahau. (Najua utasema tungewanyima. Wazee wetu hawakuwa watu wa kumnyima mgeni, na matokeo yake Wareno wakatujengea Ngome.)

Mbuzi hashikwi na kiseyeye. Mbuzi wa Majengo anayetafuna maboksi na magazeti ya juzi hajala chungwa maisha yake yote, na meno yake ni imara kukushinda, kwa sababu ini lake linajitengenezea vitamini C. Wanyama wengi wako hivyo. Sisi hatuwezi. Lakini, na hapa ndipo nilipoacha kula nikaweka kijiko chini, maagizo ya kuitengeneza bado tunayo mwilini, ila yameharibika. Yamebaki kama kreni mbovu uliyosema ilisimama gatini miaka na miaka, hakuna aliyeitumia na hakuna aliyeiondoa. Sokwe naye anayo kreni hiyo mbovu, imekaa mahali palepale na imekatika kwa namna ileile. Kima na nyani pia wamo. Kuna na popo walioipoteza, lakini wao ni kwa njia yao.

Semtemba, Ami. Nani kamnakili nani? Jibu lao ni kwamba hakuna aliyemwibia mwenziwe, sote tulinakili kwa mmoja, na yeye alikuwa amekwisha kosea.

Wakati wa mapumziko usiku nilikuwa nikimenya chungwa, nikalitazama nusu saa. Mgonjwa wa kitanda cha dirishani akauliza kama nimefiwa.

Sasa nikupe haki yako, maana hoja yako moja imenishinda kulala. Ulisema: "Nionyeshe sokwe aliyemzika mwanawe." Siwezi. Yako mambo wanayoyafanya mbele ya maiti, hukaa naye, na mama anaweza kumbeba mtoto aliyekufa siku nyingi, lakini kaburi hawachimbi. Nami badala ya kubisha nakuletea ushahidi wa upande wako, tena wa nyumbani. Katika vilima vya nyuma ya pwani ya Kilifi kuna pango liitwalo Panga ya Saidi. Wachimbuzi walikuta humo mifupa laini mno, ikabidi waikate pamoja na udongo wake, waifunge kwa plasta na kuipeleka Nairobi, kisha Uhispania ikafanyiwe kazi taratibu. Habari ikatoka mwaka 2021: ni mtoto wa miaka miwili na nusu au mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita, na hilo ndilo kaburi la kale kuliko yote ya binadamu wa aina yetu yaliyojulikana Afrika. Wakampa jina la Kiswahili, Mtoto.

Alichimbiwa shimo lake. Alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Jinsi mifupa ya juu ilivyobana inaonyesha alikuwa amezongwa kitu, majani pengine au ngozi, na kichwa kimeinama kama kilikuwa juu ya mto uliooza zamani. Ubavu wa kulia, Ami. Sisemi kitu, nakuhadithia tu. Niliposoma nilimkumbuka yule mdogo wetu tuliyemzika, wewe ukiwa ndani ya mwanandani na Baba akikushushia, nami nachungulia kutoka nyuma ya ukuta ambako watoto wa kike hatukutakiwa kuwapo.

Basi hapo umenishinda, na barazani unaweza kutangaza. Lakini ushindi huo ni wa hoja moja. Ya machungwa bado nasubiri jawabu, na "Mungu ndiye ajuaye" nalikubali ila halihesabiki kuwa bao.

Mama, pesa nimetuma Alhamisi kwa njia ileile, ya dawa za Nyanya iwe mbali na ya umeme. Khamis, usimsaidie Ami kujibu kwa ile programu ya akili bandia, maana nitajua. Ami hajawahi kuandika aya nzima bila neno "hebu".

Nyanya, sasa zamu yako. Yule uliyemwona kwenye video niliyotuma, aliyejifunika gunia kichwani mvua ilipoanza, ni orangutan jike. Aliliokota mwenyewe, akalikung'uta, akalikaza chini ya kidevu, akakaa akitutazama sisi tulio na miavuli. Khamis ameniambia wengine walicheka, lakini wewe ulisema, "Maskini, ana baridi, hana mtu wa kumpa leso?" Nilikwenda kumwuliza mtunzaji wake. Amesema ndani kuna joto, akitaka huingia, ni yeye tu anayependa kukaa nje.

Leso uliyomkabidhi jirani aniletee imefika salama, yote pea, na harufu ya udi haijatoka. Nimejitanda moja sasa hivi ninapoandika. Ya pili iko kabatini na nimelifunga kwa ufunguo, kwa hiyo usije ukaniambia nimpelekee mtu bustanini, awe binamu au asiwe.

Ni mimi mwanenu,
Mwanaisha