Ukibadili injini ya pikapu, anza na breki

Ndugu Mhariri,

Pikapu za zamani za Land Cruiser FJ45 bado zinafufuliwa kwa kutolewa injini ya petroli na kufungwa 1HZ, dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita. Kuchomelea mauntingi (vishikio vya injini) na kuunga gia boksi ndiyo kazi ambayo mteja huiona na kuilipia. Hatari iko kwenye breki. Injini ya petroli huipa buster ya breki, kifaa kinachoupa mguu nguvu ya ziada kwenye pedali, nguvu ya kufyonza hewa kutoka kwenye menifoldi, yaani mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini. Dizeli hii haina kilango cha kubana hewa, hivyo nguvu hiyo haipo. Ukichomeka mpira wa zamani kwenye menifoldi, pedali itakuwa ngumu kama jiwe mteremkoni. Funga alterneta (jenereta ya kuchaji betri) yenye pampu ya vakyumu, yaani ya kufyonza hewa, nyuma yake, pamoja na mpira wa kuletea oili na wa kuirudisha kwenye injini. Pampu ikikosa oili, inakufa.

Tangi lisafishwe kutu, liongezwe njia ya kurudishia dizeli, na kichujio chenye kitenga maji kikae kabla ya pampu ya dizeli. Plagi za kupasha injini kabla ya kuwasha, zikiwa za volti 12 zikapewa 24, huungua mara moja, kwa hiyo volti zilizoandikwa juu yake zisomwe kwanza. Namba mpya ya injini nayo iandikishwe kwenye kadi ya gari.

Fundi magari,
Arusha