Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani: mwanafunzi akiomba hifadhi, kibali chake kisife

Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi,
Dodoma.

YAH: WANAFUNZI WA KIGENI WANAOHITAJI HIFADHI WAKIWA MASOMONI

Salaam kutoka Mwanza. Kwa miaka mingi nilikuwa mlezi wa wanafunzi wa kigeni katika chuo kimoja cha jiji hili. Kwa jina inaonekana kazi ya ushauri nasaha, lakini kwa vitendo ni kazi ya mafaili: picha ndogo za pasipoti, barua ya udahili, risiti ya ada, na kukimbizana na kontroo namba ya malipo kabla haijaisha muda. Nimestaafu, ila vijana hawajui kumstaafisha mtu. Bado wananijia, na tangu mwanzoni mwa mwaka 2025 swali lao limekuwa moja. Nimekuandikia wewe kwa sababu ofisi zote mbili zinazohusika, Uhamiaji na Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, ziko chini ya wizara yako.

Mtu ameingia Tanzania kihalali kuja kusoma, kibali anacho. Huku nyuma kwao kunaharibika. Ataombaje hifadhi bila kupoteza masomo? Na akinyamaza akaendelea kusoma, siku kibali kinapoisha atahesabiwa kuwa nani?

Goma, mashariki mwa Kongo, ilishikwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu ikafuata katikati ya Februari. Benki zikafungwa. Hapa Mwanza habari ile ilitufikia kwa njia ya ada. Kijana mmoja wa Bukavu, simtaji jina wala chuo, alikuwa mwaka wa pili, na baba yake alikuwa akimtumia ada benki kila muhula. Benki ilipofungwa baba naye akavukia Burundi na wale wadogo, na simu yake ikawa ya kubahatisha. Bila ada hakuna risiti. Bila risiti chuo hakitoi barua, na bila barua ya chuo kibali cha mwanafunzi hakiongezwi. Pasipoti nayo ilikuwa imebakiza miezi. Alinijia na bahasha ya kaki ambamo kila karatasi ameipanga kwa tarehe ya kuisha, inayotangulia kuisha ikiwa juu.

Alikwenda kuuliza. Katika ofisi moja akaambiwa: wewe ni mwanafunzi, una kibali hai, mambo ya ukimbizi hayakuhusu, wakimbizi wako Kigoma. Katika ofisi nyingine akaambiwa: kama unataka hifadhi, panda basi ukajiandikishe kambini. Waliomjibu walimjibu kwa adabu, na kila mmoja kwa meza yake hakusema uongo. Ndiyo maana siwalalamikii wao.

Kufika Kigoma si kazi ngumu. Basi linaondoka stendi ya Nyegezi alfajiri, linakatiza ziwa kwa daraja la Kigongo–Busisi, ambalo tangu Juni 2025 limetuondolea foleni ya kivuko, kisha Geita, Nyakanazi, Kibondo hadi Kasulu. Kazi ni kurudi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inataka mwomba hifadhi na mkimbizi wakae katika eneo lililotengwa, na kutoka humo ni kwa ruhusa. Kambi ya Nyarugusu, huko Kasulu, ipo tangu 1996, ina shule za msingi na za sekondari, wapo waliozaliwa humo na sasa wana watoto wao humo. Chuo alichokuwa anasoma huyu kijana hakimo. Kwa hiyo anapoambiwa aende kambini, anaambiwa aache shule, na siku akiacha shule sababu ya kibali chake cha mwanafunzi inakufa papo hapo. Akikataliwa hifadhi baadaye, hana pa kurudi: kambini hatakiwi, darasani hayumo.

Sasa tazama sheria yenyewe, Mheshimiwa. Kifungu cha 9 kinamtaka anayeomba hifadhi ajitokeze ndani ya siku saba tangu kuingia nchini, aende kwa ofisa aliyeidhinishwa, kwa mtendaji wa kijiji au kwa mlinzi wa amani. Kifungu hichohicho kinamkinga aliyeingia bila kufuata taratibu, asiadhibiwe kwa sababu ya kuingia kwake tu. Ni sheria ya utu, na inakwenda na Mkataba wa Geneva wa 1951 kuhusu wakimbizi, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1964. Waliokuwa wanafikiriwa ni watu wanaovuka mpaka usiku na godoro kichwani. Huyu wangu alivuka mchana, pasipoti ikagongwa muhuri, miaka miwili kabla ya vita kufika mjini kwao. Siku saba zake zihesabiwe tangu lini? Tangu muhuri ule? Tangu Bukavu ilipoanguka? Tangu siku baba alipompigia kumwambia asirudi? Mtendaji wa mtaa ukimuuliza atakutazama tu, na hana kosa.

Matokeo yake ni kwamba aliyepita njia ya panya ana kifungu cha kumkinga, na aliyepita mlangoni anabahatisha. Sidhani kama kuna mbunge aliyekusudia hivyo mwaka 1998.

Na kwamba hawa ni watu wanaostahili kusikilizwa, hilo halina ubishi mkubwa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, ambao sheria yetu imeufuata, haumtaki mtu athibitishe kwamba anawindwa yeye kwa jina lake. Uvamizi, kukaliwa na jeshi la nje, au machafuko makubwa katika sehemu ya nchi yake vinatosha. Wala hausemi lazima awe ametoka nchini mwake siku ya vurugu. Mtu anaweza kuwa mkimbizi akiwa kwenye dawati lake Mwanza, anaandika mtihani.

Kuna jambo la pasipoti ambalo kwangu ndilo baya kuliko yote. Kibali kinadai pasipoti hai. Ikikaribia kuisha, tunamwambia mwanafunzi aende ubalozi wa nchi yake. Kwa Mkongo aliyekimbia waasi pengine si neno, kwa sababu hana ugomvi na serikali ya Kinshasa. Lakini nilipata pia vijana wa nchi nyingine, mwaka 2015 na baada yake, ambao waliyemwogopa ni serikali yenyewe. Mkataba wa 1951 unasema mtu anayejirudisha kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi yake anaweza kukoma kuwa mkimbizi, na kuchukua pasipoti mpya ni miongoni mwa mambo yanayoweza kuhesabiwa hivyo. Basi ili abaki mwanafunzi halali sharti aende ubalozini, na akienda ubalozini anajiharibia ombi la hifadhi. Mmoja wao aliniuliza achague lipi. Nilimpeleka kwa wakili.

Wenzetu wamelifikiria hili. Natoa mfano wa Marekani, nchi ambayo siku hizi hakuna anayeisifu kwa kuwapenda wageni. Kule ombi la hifadhi, fomu yao ya I-589, linatakiwa kuwasilishwa ndani ya mwaka mmoja tangu mtu kuingia. Hata hivyo kanuni zinakubali kwamba aliyekuwa nchini kihalali, kwa mfano mwanafunzi wa daraja la F-1, anaweza kusamehewa kuchelewa, mradi aombe ndani ya muda unaokubalika baada ya hadhi hiyo kuisha. Kuomba hifadhi peke yake hakumvui uanafunzi. Na ofisa wa hifadhi asiporidhika na maelezo yake, kama uanafunzi wake bado hai, ombi linakataliwa na yeye anarudi darasani kama alivyokuwa. Ambaye hadhi yake imekwisha ndiye anayepelekwa kwa jaji wa uhamiaji, na huko kinachoanza ni kesi ya kuondolewa nchini. Ndiyo maana mawakili wa kule humwambia mwanafunzi mwombaji: usiache vipindi, usipunguze idadi ya masomo, usifanye kazi usiyoruhusiwa, na usitoke nje ya nchi, kwa sababu viza mpya ya masomo hudai uonyeshe kwamba unakusudia kurudi kwenu. Mtu anashika vitu viwili kwa mikono miwili, na serikali inajua hivyo.

Hilo la kazi linanirudisha Kirumba, hapa Mwanza. Soko la Mwaloni lina wanunuzi wa dagaa kutoka Kongo, na kijana akiishiwa ada huenda kwa watu wa kwao. Wanampa kibarua cha kushona magunia na kuhesabu mzigo. Wanampa kwa huruma, analipwa jioni, anakula. Kwa masharti ya kibali cha mwanafunzi hiyo ni kazi isiyoruhusiwa, na siku ya msako yeye ndiye wa kwanza kupanda gari. Anakamatwa kwa kosa la kutafuta ada ya kumwezesha asivunje sheria.

Najua hofu ya wataalamu wako, maana nimeisikia kwa masikio yangu: tukiruhusu hili, kila atakayefeli mtihani ataomba hifadhi. Wapo watakaojaribu, sitakudanganya. Lakini kuomba si kupewa. Ipo kamati ya kitaifa inayopima maombi na kukushauri, na uamuzi ni wako. Kuhusu usalama, sioni mgeni anayejulikana zaidi ya mwanafunzi. Alama za vidole mnazo, chuo kinajua bweni au geto lake, mahudhurio yake yanasainiwa, matokeo yake yamebandikwa ukutani. Anayepotea machoni pa serikali ni yule ambaye kibali chake kimekufa na anaogopa kujitokeza.

Na si watu wengi. Aprili 1994 Ngara ilipokea zaidi ya watu laki mbili waliovuka Rusumo kutoka Rwanda ndani ya siku moja hivi. Mwalimu Nyerere alipewa nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa namna nchi hii ilivyowapokea watu. Hapa nazungumzia wanafunzi unaoweza kuwaingiza kwenye ukumbi mmoja wa mihadhara na viti vikabaki.

Ombi langu ni waraka wenye sahihi yako, uende kwa maofisa uhamiaji wa mikoa na kwa vyuo. Useme kwamba mwanafunzi mwenye kibali hai anaweza kuwasilisha ombi la hifadhi mkoani anakosoma, bila kwenda kwanza kambini. Useme kibali chake hakifutwi kwa sababu hiyo, na kikiisha kabla ombi halijaamuliwa kinaongezwa kwa barua ya chuo pamoja na karatasi ya kuonyesha kwamba ombi lake limepokelewa, asidaiwe pasipoti mpya ya nchi anayoikimbia. Sheria tayari inatambua ruhusa ya kuwa nje ya eneo lililotengwa, kwa hiyo masomo ya chuo yatajwe wazi kuwa sababu ya kuitoa. Na zile siku saba, kwa aliyekwisha kuwemo nchini kihalali, wizara itamke zinaanza lini. Suala la ada ni refu na halikuhusu wewe peke yako, ingawa chuo kikijua kwamba mwanafunzi hataondolewa katikati ya muhula ni rahisi zaidi kumpa muda wa kulipa.

Kwa kuwa barua hii itasomwa na vijana wenyewe pia: wanangu, msikiache kibali kiishe mkingoja jibu la barua hii. Ombeni kuongezewa mapema, tunzeni nakala ya kila karatasi mahali pengine mbali na pasipoti, na kabla ya kukanyaga ubalozi wowote onaneni na wakili au na ofisi ya UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Kibarua cha Mwaloni kiacheni.

Mheshimiwa, vibali vingi huisha pamoja na mwaka wa masomo, na vyuo hufungua tena kati ya Oktoba na Novemba. Ningeshukuru kupata jibu kabla ya hapo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mlezi mstaafu wa wanafunzi wa kigeni,
Mwanza.

Nakala: Kamishna Jenerali wa Uhamiaji, Mkurugenzi, Idara ya Huduma kwa Wakimbizi.