Kamera ya kwanza: lenzi kwanza, megapikseli baadaye

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwashauri wapenda picha wanaotoka kwenye simu kwenda kamera yao ya kwanza ya DSLR, yaani kamera yenye kioo ndani na lenzi za kubadilisha. Wauzaji hunadi megapikseli (mamilioni ya nukta zinazounda picha), ilhali hata Nikon D3500 ya mwaka 2018, iliyotengenezwa kwa ajili ya wanaoanza, inazo 24, nazo zinatosha picha kubwa ya ukutani. Linalostahili kuulizwa ni lenzi. Bodi ya kamera hiyo haina mota ya kufokasi, yaani ya kuifanya picha iwe kali, hivyo ukiifunga lenzi ya zamani ya AF-D, aina ya Nikon inayotegemea mota ya bodi, hata iwe safi namna gani, utalazimika kuzungusha pete kwa mkono mpaka sura ikae sawa, na muuzaji wa mitumba ni nadra kulitaja hilo. Lenzi ya milimita 18 hadi 55 inatosha kujifunzia mchana. Ukumbini kwenye harusi, ambako mwanga ni hafifu, hata hivyo, ikivutwa hadi mwisho tundu lake la kuingizia mwanga huishia f/5.6 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa zaidi), wakati lenzi ya milimita 50 ya f/1.8 huingiza mwanga zaidi ya mara tisa. Wauzaji waandike kwenye stakabadhi aina ya lenzi na idadi ya picha ambazo kamera iliyotumika imekwisha kupiga, ili mnunuzi ajue ilivyotumika.

Mpenda picha,
Morogoro.