Vitabu viwili vya biashara, nani aanze?

Assalaam aleikum wanachama. Jana baada ya alasiri nilipita maktaba ya umma, nimerudi na vitabu viwili. Kuazima ni bure, lakini jina lililoandikwa pale ni langu, kwa hivyo tuelewane mapema.

Kimoja ni The Richest Man in Babylon cha George Clason, cha mwaka 1926. Chembamba, hadithi tupu za watu wa Babeli, na neno lake kubwa ni hili: katika kila kumi unayopata, moja iweke kabla hujamlipa mtu yeyote. Mama zetu wa viazi karai wanafanya hivyo na vibubu vyao miaka na miaka, wala hawajakisoma. Mimi nimekimaliza usiku mmoja, umeme ulipokatika nikaendelea na tochi ya simu.

Cha pili ni Rich Dad Poor Dad cha Robert Kiyosaki, 1997. Huyu hupenda kujirudia. Lakini pale pa mali na mzigo msiparuke: mali hukutilia pesa mfukoni, mzigo hukutolea. Mwenye boti ya mkopo iliyofungwa gatini tangu kusi lianze atajijua.

Anayetaka aandike hapa. Siku nne kila mtu, kisha umpe mwenzio mkononi, si kumtuma mtoto na punda. Mwaka jana kimoja kilirudi kimelowa maji ya chumvi, kurasa zimegandana, nikalipa mimi.

Kiingereza kikiwashinda, Ijumaa baada ya isha tutasoma pamoja barazani kwangu, mtaa wa Langoni. Kahawa ipo, kaimati leteni.