Shoga, hilo duka la mboga lisubiri kwanza

Shoga yangu,

Habari za huko Dodoma, baridi imeisha au bado mnatembea na makoti asubuhi? Sisi huku Mbagala tupo, joto ndo lile lile, watoto wazima, genge linaenda kwa kusuasua lakini linaenda. Voisi yako nimeisikiliza mpaka mwisho, nikataka kukujibu kwa voisi nikaona ntaropoka, bora niandike taratibu.

Umesema mradi wenu unataka kufungua duka la mboga na matunda ya bei nafuu huku kwetu, lenye friji kubwa, na kila wiki akina mama wapewe somo la lishe. Mi sikatai hela ya mtu jamani. Ila nakwambia kama muuza nyanya, mboga huku hazijakosekana. We shuka tu Rangi Tatu uangalie mwenyewe, mchicha upo, tembele lipo, kisamvu kimeshatwangwa kabisa kazi yako kubandika, bamia, nyanya chungu, machungwa ya Muheza, mananasi ya Kiwangwa msimu ukifika, na kila kona ina genge. Sasa duka la nini tena, mtatuua sisi wenye magenge alafu mradi ukiisha mnafunga mnaondoka.

Ngoja nikwambie shida ilipo, na watu wa miradi huwa hawaiulizii. Ni moto. Chukua maharage, robo yake mtu haimshindi, lakini maharage yanataka masaa mawili mpaka matatu jikoni na mkaa wa kupima saivi sio mchezo, unaweza kukuta mkaa umekula hela kuliko hayo maharage yenyewe. Mama katoka kibaruani Chang'ombe huko viwandani, kasimama kwenye daladala barabara ya Kilwa nzima, kafika nyumbani saa mbili usiku watoto wanasinzia, ndo aanze kubandika maharage? Anatuma mtoto chipsi kavu, wanagawana na ile kachumbari ya kunusa, wanalala. Na huyo mama ukimwita kwenye somo lenu makundi ya chakula atakutajia yote bila kukosea, kliniki ameshafundishwa tangu mimba ya kwanza, picha ya ule ugali na samaki na mchicha ukutani anaijua kuliko we. Ujuzi anao, ila mkaa hana na muda hana.

Kingine ni huku kununua kidogo kidogo. Mwenye hela ananunua dumu la mafuta la lita 20 anakaa nalo, asiye nacho anapimiwa kila jioni kwenye kifuko, na ukipiga hesabu ya lita kwa lita huyu maskini ndo analipa zaidi. Unga hivyo hivyo, sukari hivyo hivyo. Usije ukadhani muuzaji ana roho mbaya, hata mi nafanya hivyo hivyo. Tenga la nyanya nalifuata soko la Stereo alfajiri, kuna mbebaji, kuna ushuru, kuna kigari cha kirikuu, na nikifika nikimwaga zile za chini zimepondeka maana tenga la mti limefungwa kwa kujaza mpaka juu na limetoka mbali huko Iringa. Hasara yote hiyo naiweka wapi kama sio kwenye fungu? Na mkulima naye analia upande wake na lumbesa, gunia linashonewa kilemba juu mpaka linakuwa gunia na nusu, analipwa gunia moja. Kwahiyo huku bei kubwa na kule shamba hela ndogo, katikati hapo ndo inapopotelea.

Zile zilizopondeka nazitenga nauza masalo, na hizo zinaisha kabla ya nzima, wateja wakubwa ni mama lishe. Kwahiyo kama hiyo hela ya friji ipo kweli, nyanya haitaki friji shoga, inataka kreti la plastiki lisiloiponda njiani. Tupeni makreti magenge ishirini ya mtaa huu tuzungushe na madereva, uone kama fungu halijaongezeka nyanya.

Mama lishe nao msiwasahau, maana kwenye makaratasi ya lishe wanatajwa kwenye habari za uchafu tu. Bodaboda, fundi, mbeba mizigo, chakula chake cha maana kwa siku ni kile cha mchana kwa mama lishe, ugali au wali, maharage, mboga za majani, akipata na dagaa basi. Ni mlo kamili huo, kupita vingi vinavyoliwa usiku majumbani. Unakumbuka 2021 machinga walipohamishwa barabarani, mama lishe wakahamishwa nao, na wateja hawakuwafuata kule mbali walikopelekwa, wakala mihogo ya kukaanga palepale walipo. Wanachotaka wale ni maji ya bomba karibu na sehemu ya kukaa isiyohamishwa kila mwaka.

Kwenye usafi wa mboga nakuunga mkono lakini. Mchicha unaomwagiliwa maji ya mto Msimbazi, na pale watafiti walishapima wakakuta madini mazito, huo hata ukiuosha mara ngapi hayaishi maana mengine yako ndani ya jani. Hapo ndo pa kuweka wataalamu wenu, wakulima wa mabondeni wachimbiwe visima vilivyopimwa, sio kutufundisha sisi kuosha mboga.

Na dona! Hapa nitacheka. Kila mtu anajua dona lina lishe kuliko sembe na haupotezi kile kiini cha punje kwenye pumba, lakini mgeni akija hakuna anayepika dona, litakuja kuonekana chakula cha jela. Na wenye maduka hawalipendi, kile kiini kina mafuta, likikaa linachacha. Mi nasaga mashineni kidogo kidogo nachanganya nusu kwa nusu na sembe, mume wangu mpaka leo hajui na usimwambie.

Sasa wazo langu mimi. Kuna jirani hapa anachemsha maharage sufuria kubwa kwa kuni, saa kumi na moja jioni anakaa barazani anauza kwa kikombe, unaenda kuunga tu na nazi au kitunguu. Magharibi haijaingia ameshamaliza, watu wanarudi mikono mitupu. Sisi wa vikoba tumefikiria tununue majiko ya presha ya umeme mawili matatu, maana kilo ya maharage ukiyaloweka usiku yanaiva chini ya saa moja na umeme wake haufiki yuniti moja. Tuchemshe maharage, choroko, kunde, mahindi ya makande, tuuze kwa kikombe bei ambayo mtu anaona kabisa ni rahisi kuliko mkaa. Genge langu liwe linauza hayo hayo pembeni ya mchicha, mama akipita kutoka kazini anabeba vyote pamoja dakika tano. Na wakubwa wenu wataupenda, serikali si ilizindua ule mkakati 2024 kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi? Basi waambie hii hapa nishati safi, na lishe ndani yake, andikeni mnavyojua nyie wa makaratasi.

Umeme ukikatika ndo kasheshe, najua utauliza. Lile sufuria la kuni tutabaki nalo.

Nijibu kabla ya Jumamosi shoga, kikoba tunakaa siku hiyo, nataka nikawaambie kama kwenu kuna chochote au tuanze na jiko moja kwa hela zetu wenyewe. Na ukija usije mikono mitupu, niletee zabibu, za huku barabarani wanauza bei ya dhahabu.

Wako wa Mbagala