Barua kwa mwanangu: picha za milango ya mtaa wa Mkomani, mjini Lamu (Amu)

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku Amu wazima, alhamdulillahi, ila mamako goti linamsumbua akipanda ngazi. Kusi imeshika, bahari imechafuka, na mbao za bambakofi nilizoagiza bado hazijafika.

Picha zako nimezipata na nimezitazama moja moja. Ile ya mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, niliikuza mpaka nikaona mapigo ya patasi. Kwenye waridi la pili kutoka chini, fundi alikwenda na nyuzi za mti upande mmoja wa petali, akalazimika kwenda kinyume cha nyuzi upande wa pili, na hapo mti umemeguka kiasi cha punje ya mchele. Hakutia gundi. Aliuzungusha ukingo wa petali kidogo ukaimeza kasoro, kisha akayapunguza na mawaridi mengine yalingane nalo. Nimeupita mlango ule tangu nikienda chuoni na juzuu yangu kwapani, lakini jambo hilo nimeliona mara ya kwanza kwenye picha yako.

Kwa hiyo usidhani nakuandikia kukukataza. Umeniambia picha hizi unawapelekea wenzako wapenda nakshi walioko Uhindi, Uturuki, Marekani na kwingineko, nao wanakupelekea zao. Mimi naona ni kheri. Zamani kijana aliyetaka kazi hii alikaa kwa fundi mmoja, akapiga msasa na kunoa patasi muda mrefu kabla ya kukabidhiwa ubao, na alichokijua kilikuwa kile cha fundi wake. Wewe umeona kazi za Gujarat ukiwa umekaa chumbani kwako Mombasa, na nimeona kwenye kisanduku chako cha mwisho kwamba zimekufunza kitu. Majani yako sasa yanapandana. Zamani yalikuwa yamelala tu.

Basi kama unawapigia picha watu wenye patasi mkononi, wapigie sawasawa. Mtalii anataka mlango mzima na punda amesimama mbele yake. Fundi anataka kujua kina: amechimba kiasi gani, ameacha ukuta wa jani unene gani, chini amepasawazisha au ameacha alama za chuma. Milango yetu mingi imo ndani ya daka, kile kibaraza cha kuingilia, jua halipigi moja kwa moja, na wewe umeona dawa yake ni kuwasha taa ya kamera. Hiyo taa inapiga usoni mwa mlango, inaua vivuli vyote, na nakshi inageuka kuwa michoro ya karatasini. Izime. Mwombe mtu ashike tochi pembeni, karibu na ubao, mwanga uparuze juu ya nakshi kutoka ubavuni. Utashangaa. Yale yaliyokuwa yamefifia kwa chokaa na vanishi za miaka yatasimama yenyewe. Na simu isimame wima kama mlango ulivyo wima, usiinamishe, la sivyo miimo itakutana juu na mwenzako akijaribu kunakili vipimo atapata mlango usiokuwepo duniani. Weka futi ya kupimia kwenye ukingo. Watu wanasahau futi kisha wanabishana wiki nzima kuhusu upana wa nakshi ya mnyororo.

Jambo la jina pia lina uzito kwangu. Muhamadi Kijumwa wa hapa Amu, aliyefariki 1945, alikuwa fundi wa nakshi, mshairi na mwandishi mwenye khati nzuri. Nakala za tenzi alizoandika kwa mkono zimehifadhiwa hata London, katika maktaba ya chuo cha SOAS, na ukizifungua unamkuta mwenyewe mwishoni ameandika jina lake. Mafundi wengi waliochonga milango hawakuandika popote. Wajukuu wao wangali hai, wanakaa nyuma ya milango hiyohiyo, na baadhi wanajua ni babu gani aliyechonga. Uliza, kisha uliandike jina pamoja na picha. Wakisema hawajui, andika fundi wa Amu. Nimeona wenzako wawili wakiuita mlango wetu mlango wa Kiarabu na wewe hukuwasahihisha. Wasahihishe kwa upole. Mti ulikatwa kwetu, patasi ilishikwa na mkono wa kwetu, na maua yale yana njia yake ya kupangwa inayojulikana na watu wa hapa.

Sasa lile lililonifanya nikae niandike. Mwezi uliopita alikuja mtu karakanani, mstaarabu, salamu zake nzuri, akanionyesha picha kwenye simu. Ilikuwa picha yako, mwanangu. Imekatwa pembeni, jina lako halipo, lakini ule ufa kwenye kizingiti na ile komeo ya chuma siwezi kuvikosea. Hakutaka kuchongewa. Nilimwambia naweza kumtolea mlango mwingine kwa nakshi ileile, akatabasamu akasema anataka mkongwe. Akaniuliza ni kichochoro gani, nani mwenye nyumba, na kama warithi wanaelewana. Hilo swali la warithi ndilo lililonikosesha usingizi. Mtu anayeuliza habari za warithi ameshafanya biashara hii mahali pengine.

Sikumjibu. Lakini nimejiuliza itakuwaje akimkuta mwengine mwenye njaa kuliko mimi.

Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inautaja mlango au fremu yake iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya 1946 kuwa kitu kinachohifadhiwa, na kukitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Mji wetu wenyewe UNESCO iliuandika katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Yote hayo ni mazuri, lakini sheria huwa inafika nyuma ya jahazi. Ukuta ukishabomolewa usiku na fremu ikatoka, kinachobaki ni tundu na barua za malalamiko.

Na picha inasema mengi kuliko unavyoyaona. Simu ikiwa imeruhusiwa kujua mahali ulipo, kamera inaandika ndani ya faili saa uliyopiga na mahali penyewe kwa vipimo vya ramani, karibu kabisa na mlango. Mpwa wako alinionyesha: alibonyeza picha yako moja, ramani ikafunguka, na alama ikasimama juu ya paa la nyumba ya yule bibi mzee mwenye mlango. WhatsApp, ukituma picha kwa njia ya kawaida, inaipunguza na maelezo hayo yanaondoka. Lakini ikipunguzwa nakshi inafifia, ndiyo sababu ninyi wapenda nakshi mnatuma kama dokumenti ili kila pigo lionekane. Na ukituma kama dokumenti, mahali panakwenda pamoja nayo. Yaani kadiri unavyoipenda kazi ndivyo unavyoionyesha nyumba. Ingia kwenye mipangilio ya kamera uzime mahali kabla hujatoka kwenda kupiga. Kwa zile za zamani, futa maelezo hayo kwanza ndipo utume. Kisha tazama kilichomo pembeni ya picha: kibao cha nyumba ya wageni, mnara wa msikiti, duka la jirani lenye jina ukutani. Kata vyote. Mwenzako wa Uturuki hahitaji kujua mlango uko hatua ngapi kutoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji, ili ajifunze kuchonga waridi. Ukimwambia ni wa Amu, na ni wa mti gani, na vipimo vyake, umempa kila kitu.

Nakshi wape yote, mpaka alama ya mwisho ya patasi. Nyumba waache wenyewe.

Nalisema hili la nyumba kwa sababu ya ile picha ya saba, mlango umeachwa wazi. Wewe umezaliwa ndani ya nyumba ya mawe, unajua ilivyopangwa. Kuna daka, mgeni anakaa hapo. Kuna tekani, pa kuingilia nyuma ya mlango, na tekani imewekwa upande makusudi ili anayepita njiani asione kiwanda, yaani ua wa ndani, wala misana, vile vyumba virefu, wala zidaka za ukutani. Waliojenga walihesabu macho ya mpita njia kabla ya kuhesabu boriti. Wewe umeingia mpaka kwenye tekani ndipo ukapiga, na nyuma ya mlango unaonekana mkono wa mtu na pindo la kanga. Uso haupo, najua. Lakini yule bibi akioneshwa atajijua, na wanawe wataujua ule mkono. Huku kwetu, wanawake wakiwa kwenye kupamba, ile sherehe ya bibi harusi, simu zinazuiwa mlangoni ili mtu astarehe bila kuogopa kuonekana na asiyemtaka. Nyumba yake ya kila siku isiwe na heshima ndogo kuliko hiyo. Hata Katiba ya 2010, Ibara ya 31, inampa haki ya faragha yake na ya nyumba yake, ingawa mimi na wewe hatuhitaji Katiba kumheshimu mzee.

Iondoe hiyo picha, na uliowatumia uwaombe waifute.

Na ukija likizo, nenda kwake mwenyewe. Usimwombe ruhusa mjukuu aliyekaa barazani, wala mpangaji wa juu. Piga hodi, kaa dakani, kunywa kahawa ikiletwa. Mwonyeshe picha kwenye simu, umweleze zinakwenda kwa nani na kwamba zikishatoka huna tena uwezo wa kuzirudisha. Useme hilo waziwazi, asidhani zinabaki kwako. Akikubali mlango akakataa ufa wake uonekane, ukubali. Akikataa kabisa, mshukuru na uende kwa mlango mwengine. Naamini atakubali, kwa sababu mumewe alikuwa akiusugua mlango ule kwa mafuta ya simsim kila Shaabani na yeye anapenda kuhadithia. Huenda akakupa na jina la fundi.

Jambo dogo la mwisho. Visanduku vyako unawapelekea wenzako vile vilivyotoka safi tu. Wapelekee na kile kilichopasuka kwenye bawaba. Yule mzee wa Gujarat unayemsifu anaweza kukuambia kosa liko wapi, na mimi pia nina dhana yangu, lakini picha uliyonitumia ilipigwa kwa mbali na pembe ya kifuniko imejificha. Piga tena, tochi ikiwa ubavuni, futi ikiwa juu ya ubao, uniletee kama dokumenti nipate kuona kama mti ulikuwa mbichi au msumari ulikuwa mnene.

Mamako anakusalimu sana, anauliza kama ile halua ilifika.

Ni mimi babako,
Amu, Langoni