Wazee wa Ngarenanyuki warekodiwe wangali hai

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie tukio ambalo wengi wetu hapa Arusha tunalijua juujuu tu: kufukuzwa kwa Wameru kutoka Ngarenanyuki kuanzia Novemba 1951, pale serikali ya kikoloni ya Uingereza ilipoamua kwamba ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Vitabu vinatueleza kwamba watu wapatao 3,000 walitolewa na nyumba zao zikachomwa moto. Maelezo hayo ni sahihi, lakini kijana wa leo huyasoma akafunga kitabu bila kuguswa.

Bibi mmoja wa ukoo wetu, aliyekuwa msichana mdogo wakati huo, alinisimulia jinsi mama yake alivyorudi ndani mbio kuchukua kibuyu cha maziwa ilhali paa la nyasi limekwisha kushika moto, na jinsi ng'ombe walivyolia usiku kucha kwa kutenganishwa na ndama wao. Hakutaja tarehe hata moja, lakini ni kwake nilikoelewa maana ya kupoteza boma.

Wapo wanaosema kumbukumbu za wazee haziaminiki. Ni kweli mzee anaweza kuchanganya miaka, lakini dawa yake ni kuwasikiliza wengi na kulinganisha maneno yao na nyaraka. Kirilo Japhet, mwakilishi wa Wameru, aliposimama mbele ya Umoja wa Mataifa kule New York mwaka 1952, miaka mitatu kabla ya Mwalimu Nyerere, alikwenda kueleza yaliyowapata watu wake mwenyewe. Wameru hawakurudishiwa ardhi mwaka ule. Hata hivyo, dunia ililazimika kuwasikiliza.

Aliyekuwa na miaka 10 wakati ule sasa amevuka 80. Nazisihi shule za sekondari za Arumeru, makanisa na halmashauri yetu wawatume vijana na simu zao wakae na wazee hao, wawaulize hata mambo madogo: jioni ile walikula nini, nani alibeba watoto, nani alikataa kutoka. Wasiziruke familia za walioamriwa kubomoa, maana nazo zina ya kusema, pengine kwa uchungu zaidi. Sauti hizo, kwa ridhaa ya wasimulizi, zihifadhiwe katika Makumbusho ya Azimio la Arusha, na nakala zibaki katika shule za Ngarenanyuki na King'ori.

Msomaji wako,
Usa River, Arusha